Bibi Harusi Aliyechota Maji

Gikondo, Kigali
12 Mei 1992

Mwanangu Trinah,

Nakuletea ukurasa wa "Kitabu na Kioo" kwa toleo la mwezi wa sita. Uliniandikia kwamba wasomaji wengi wa *Ukili* huruka kitabu na kwenda moja kwa moja kwenye kioo. Wanataka kujua wapake nini, hawana haja ya kujua wasome nini. Wewe kama mhariri unaona ni hasara. Mimi nimefundisha wasichana tangu Tabora hadi hapa, na najua dawa chungu hutiwa katikati ya uji. Kwa hiyo safari hii kioo sikukiweka mwishoni, nimekiweka katikati ya kitabu. Anayetaka parachichi lake atapita kwenye riwaya kwanza, na akishafika nusu ataona haya kuiacha.

Usinikate maneno. Magari ya Gikondo yamenipigia kelele vya kutosha nilipokuwa nikiyaandika.

Wako,
Yasmina

KITABU NA KIOO
na Bi Yasmina

Mwezi huu nimesoma *Debe la Harusi*, riwaya ya kwanza ya Jovia M. wa Bukoba. Wanawake wanaoandika riwaya kwa Kiswahili katika nchi zetu hizi za maziwa ni wachache, na kila ninapompata mmoja mpya hufurahi kama niliyeokota sindano yangu iliyopotea mkekani. Huyu ana jicho. Anajua moshi wa kuni mbichi unavyokaa kwenye nywele siku nzima. Anajua wanawake wanavyosutana bila kutajana majina. Kisa ni cha msichana Mnyarwanda anayeolewa mbali na kwao, katika makazi mapya ya watu waliohama, na mume asiye na kitu ila maneno mazuri.

Kwenye moshi huo nisimame kidogo. Nywele zilizokaushwa na jiko hazitaki dawa ya dukani. Chukua parachichi lililoiva sana, liponde, tia kijiko cha mafuta ya nazi ukiyapata, ya alizeti usipoyapata. Paka, funga kitambaa, endelea na kazi zako mpaka wali uive, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu. Na tafadhali, ziacheni sabuni za kung'arisha ngozi. Zina zebaki, na zebaki huingia mwilini ikakaa. Mwenye duka mmoja wa Kabeza alinisifia yake: "Bibi, utakuwa mweupe kama karatasi!" Nikamwambia, "Karatasi nyeupe ni ile ambayo bado haijaandikwa. Mimi nimeshaandikwa."

Turudi kitabuni. Asubuhi ya pili baada ya harusi, bibi harusi huyu anabeba debe, anakwenda mtoni kuchota maji, huku akilia. Hapo nilifunga kitabu. Bibi harusi wa Kinyarwanda hatoki. Hukaa ndani, hupakwa siagi, hulishwa; hafagii, hapiki, hachoti, mpaka siku ndugu zake waje kumfunua kwa vyungu na vyakula. Ndiyo *gutwikurura*. Ambaye hajafunuliwa hajamaliza kuolewa, awe Kigali au awe ng'ambo. Mwandishi amemwoza msichana wake, kisha akamsahau mlangoni. Bibi harusi wa namna hii hayupo, wala hakuwahi kuwapo. Kitabu kisomwe kwa lugha yake. Kwa mila, mwulize nyanya yako.

*

Bukoba
28 Juni 1992

Dada Trinah,

*Ukili* limefika. Nilipoona jina la kitabu changu juu ya ukurasa, sikungoja hata kulipitia kwanza. Mama alikuwa barazani akichambua maharage. Nikamwambia, "Mama, umeandikwa gazetini!"

Unajua macho yake hayaoni herufi tena, kila kitu namsomea. Na unajua, wewe peke yako nje ya nyumba yetu, kwamba bibi harusi wa debe ni yeye. Kila jioni nilikuwa namsomea sura moja. Tulikuwa tumefika ya saba.

Nikasoma kwa sauti. Penye "ana jicho" akaitikia, "Analo, kalitoa kwangu." Penye parachichi akacheka, akasema, "Bibi huyu ananipendeza. Mwambie aje anifunge hicho kitambaa." Nikaingia penye habari ya mtoni bila kujua. Nilipoona maneno yanakokwenda nilikuwa katikati ya sentensi, na kama ningeruka angejua. Basi nikasoma mpaka mwisho.

Akachambua maharage mengine. Kisha akauliza, "Anasema sikuolewa?"

"Anakisema kitabu, Mama. Wewe hakusemi."

"Na kitabu ni nani kama si mimi?"

Tangu siku hiyo hataki nimsomee. Amekiweka kitabu juu ya kabati, chini ya Biblia. Juzi nilimsikia akimwuliza jirani kama watu wa Kigali nao hulisoma *Ukili*. Dada Trinah, mama yangu ameishi na baba miaka ishirini na mitatu, amemzika, ana wajukuu, na sasa, uzeeni, anajiuliza kama aliwahi kuwa mke wa mtu.

Nipe anwani ya Bi Yasmina. Ila usimwambie mimi ni mtoto wa nani. Sisi tuna uraia wa hapa, lakini huko kuna vita na barua hufunguliwa. Mwanamke mzee anayeandikiana na watoto wa waliokimbia anaweza kuulizwa maswali asiyostahili. Nitamwandikia kama mwandishi tu.

Jovia

*

Bukoba
9 Agosti 1992

Mheshimiwa Bi Yasmina,

Nakushukuru kwa kukisoma kitabu changu na kwa mema uliyoyasema. Parachichi limefanya kazi. Shule yetu nzima hapa, walimu kwa wanafunzi, inanukia kachumbari.

Nina ombi moja. Umeandika kwamba bibi harusi wa namna ile hakuwahi kuwapo. Kisa kile nilihadithiwa na mwanamke aliyekiishi. Yuko hai, na maneno yako yamemfikia. Sikuombi ukipende kitabu. Naomba tu, ikiwezekana, useme mahali fulani katika ukurasa wako kwamba mwanamke kama huyo aliweza kuwapo, naye akawa mke halali.

Wako katika uandishi,
Jovia M.

*

Gikondo, Kigali
2 Septemba 1992

Mwanangu Jovia,

Barua yako imenifurahisha, kwa sababu mwandishi anayemtetea mtu wake ni mwandishi wa kweli. Niruhusu nikueleze kwa utaratibu, maana naona kosa hukulitaka. Wewe ni mtu wa Bukoba, na sura zako za migomba zinaonyesha Mhaya aliyekulia chini yake. Mila za jirani hazionekani vizuri kutoka ng'ambo ya ua.

Kumfungia bibi harusi ndani si adhabu, wala si uvivu. Msichana ametoka kwao, hajafika kwa mumewe, yuko katikati. Mtu aliye katikati hatumwi. Anapumzishwa, ngozi inapata siagi, uso unajaa, na familia mbili zinapata muda wa kuzoeana bila yeye kuwa mtumishi wa yeyote. Ndugu zake wanapokuja kumfunua, wanasema mbele ya watu: huyu ana kwao. Ndiyo maana jambo hili ni zito. Mimi babu yangu alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Tabora, na nilipoolewa nilisingwa kwa liwa kama watu wa pwani. Lakini siku ya kufunuliwa mama yangu alikuja na vyungu kama Mnyarwanda mwingine yeyote.

Sasa kuhusu mwanamke wako. Watu wakihadithia harusi zao hukumbuka yaliyowauma na kuyaruka ya kawaida. Huenda alichota maji baadaye, na miaka imezisogeza siku hizo mbili pamoja. Au huenda, na hili nalisema kwa upole, ni yule msichana aliyemfuata mwanamume bila ndugu kujua. Kwetu anayeonekana nje asubuhi ya pili ni huyo. Kama ndivyo, kiandike hivyo, kitabu kitakuwa na nguvu zaidi. Kama sivyo, katika chapa ya pili mpe debe wifi yake, naye bibi harusi akae ndani akisikiliza hatua zikienda mtoni. Utaona sura itakavyopendeza.

Nakuwekea na karafuu chache ndani ya karatasi. Zichemshe, maji yake yakipoa usukutue kinywa. Mwalimu anayezungumza kutwa anazihitaji.

Wako mpenda vitabu,
Yasmina

*

Bukoba
30 Oktoba 1992

Mheshimiwa Bi Yasmina,

Hakutoroka.

Sitampa wifi debe. Wifi alikuwa amezikwa njiani.

Asante kwa karafuu.

Jovia M.

*

Gikondo, Kigali
4 Aprili 1993

Mwanangu Jovia,

Nimekaa na barua yako fupi muda mrefu. Mwanzoni niliona ni hasira ya kijana, nikasema ipoe. Kisha ikaja Februari, na nadhani redio imewafikishia habari zake. Watu wa kaskazini walikimbia vita, wakashuka barabarani kwa maelfu, na sasa wamekaa nje kidogo ya mji huu, vilimani, chini ya plastiki na majani ya migomba. Ukisimama Kacyiru kwenye ofisi za serikali unauona moshi wao.

Sisi wanawake wa mtaa tulikusanya nguo na maharage tukaenda. Nakuandikia jambo moja tu la huko.

Nilikuwa nimesimama karibu na foleni ya maji. Wanawake wakaanza kupisha njia, nikafikiri ni mgonjwa analetwa. Alikuja msichana ameshika dumu la njano. Uso ulikuwa umepakwa mafuta, unang'aa, na kichwani alivaa kitambaa kipya kuliko chochote kilichokuwa kambini. Nyuma yake walitembea wanawake wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, wameshika kitenge kwa ncha zake, wamekitandaza juu ya kichwa chake kama paa. Yeye akisimama, nao wanasimama. Akiinama, nao wanateremsha.

Nikamwuliza yule mzee, "Mama, huyu ni nani?"

"Ni bibi harusi wetu. Ameolewa jana."

Unanijua sasa. Ulimi wa mwalimu hauna breki. Nikasema, "Jana! Na leo anachota maji?"

Msichana mwenyewe akanijibu kwa Kiswahili cha huku kwetu, bila hasira yoyote, "Mama, maji haiji yenyewe."

Wale wa foleni wakacheka. Mmoja akanitania, "Huyo mama wa Kigali anafikiri bomba iko ndani ya hema!" Lakini yule mzee, mama mkwe wake, hakucheka. Alinisogelea, ncha ya kitenge bado mkononi, akasema kama anayemfafanulia mtoto, "Hajatoka. Nyumba ndiyo imetembea kidogo."

Jovia, mimi nilikuwa nimeandika gazetini kwamba mtu huyu hakuwahi kuwapo. Alipita mbele yangu karibu kiasi cha kusikia harufu ya mafuta yake.

Nimezifunua tena barua zako. Wewe si mtu wa ng'ambo ya ua, sivyo? Sura za migomba mtu hujifunza popote. Ile ya wifi aliyezikwa njiani haifundishwi. Sikuulizi lolote la kujibiwa kwa posta. Dereva mmoja wa hapa Gikondo, anaitwa Nduwayo, hupeleka lori kupitia Rusumo mpaka Bukoba. Amekubali kubeba barua hii, na yako akirudi. Mpe chai, anapenda yenye tangawizi.

Na mwambie mwanamke yule kwamba bibi wa parachichi anamwomba radhi. Ukurasa mpya nimeshampelekea Trinah.

Yasmina

*

Bukoba
16 Mei 1993

Bi Yasmina,

Nduwayo amekunywa vikombe vitatu, sasa amelala ndani ya lori, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika.

Mwanamke yule ni mama yangu. Anaitwa Kabagwira. Aliolewa na baba yangu, Mugenzi, katika kambi ya Ngara, muda mfupi baada ya kuvuka mpaka. Padri aliwafungisha ndoa chini ya turubai. Ndugu za mama waliobaki hai walikuwa wametawanyika, Uganda na Burundi, na hakuna aliyekuja kumfunua kwa sababu hakuna aliyejua yuko wapi. Nilikuficha haya nikidhani nakulinda. Labda nilikuwa najilinda na mimi: niliogopa ukijua, utaniambia kwa upole kwamba hata mtoto wa ugenini angepaswa kuijua mila.

Gazeti lako nilimsomea mwenyewe, kwa sauti, kabla sijajua mwisho wake. Ile barua yako ya Septemba sikumsomea, niliichoma. Hii ya Aprili nimemsomea yote. Penye kitenge alinisimamisha, akataka nirudie. Halafu akasema, "Kumbe na huko kwao wanachota."

Lakini kitabu bado kiko chini ya Biblia. Nimemwambia umeomba radhi. Amesema, "Amekuomba wewe. Mimi hajaniandikia."

Basi ndivyo alivyo. Mwandikie yeye. Kiswahili anakisikia vizuri, amekizungumza miaka thelathini.

Jovia

*

Gikondo, Kigali
20 Juni 1993

Mama Kabagwira,

Salamu nyingi. Mimi ni Yasmina, niliyesema gazetini kwamba hukuolewa. Jovia ndiye mwandishi, lakini niliyemgusa ni wewe, na wewe ndiye ninayekuomba radhi. Nilikosea. Sikukosea kuhusu mila, maana mila ndivyo ilivyo. Nilikosea kudhani inakaa mahali pamoja, kama jiwe, na anayeondoka ameiacha. Nilikuwa na mama wa kuja na vyungu. Sikuwahi kujiuliza ingekuwaje kama angekuwa hajui mlango wangu uko wapi.

Ukurasa mpya umetoka mwezi huu. Jovia atakusomea. Nimesema waziwazi kwamba maneno yangu ya mwaka jana yalikuwa ya mtu aliyekaa ndani ya nyumba yenye ukuta. Nimesema *Debe la Harusi* ni kitabu cha mke halali wa mtu. Kioo nimekiweka mwishoni, peke yake, mtu asije akadhani nafanya mchezo.

Nina jambo la pili pia. Nimezungumza na wanawake wawili wa hapa mtaani, watu wazima, wanaojua kazi. Njia zikitulia, tungependa kuja Bukoba kukufunua. Tutaleta siagi iliyotiwa harufu nzuri, vyungu, na nguo ya kukuvika. Kwa umri naweza kuwa shangazi yako, na shangazi ndiye anayepaswa kusimama mlangoni siku hiyo. Sema tu kama unakubali. Hujachelewa, na kama tumechelewa, basi waliochelewa ni sisi.

Shangazi yako ukipenda,
Yasmina

*

Bukoba
1 Agosti 1993

Shangazi Yasmina,

Mimi Kabagwira nasema, Jovia anaandika. Akibadilisha neno nitajua, maana kalamu yake husita kabla ya kusema uongo. Mwalimu gani huyo. Andika na hilo. Ameandika.

Nimekusikia na nimekusamehe. Lilikuwa linaniuma, siwezi kusema halikuniuma. Nilikuwa nikiamka najiuliza kama huko kwetu wanawake wameketi wananicheka, wanasema, yule wa Ngara alijioza mwenyewe. Sasa najua wengine wenu mnachota maji, na asiyechota amesema amekosea mbele ya wasomaji wote. Inatosha.

Lakini ngoja na mimi nivikosoe vitabu, kwa kuwa mmeniandika watu wawili na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Wewe ulisema sikuwapo. Huyu aliyeshika kalamu ameandika nilikwenda mtoni nikilia. Jovia, andika. Sikulia hata kidogo! Asubuhi ile mume wangu ndiye aliyechukua debe ili aende yeye. Mwanamume, siku ya pili ya ndoa, na debe la mafuta ya msaada kichwani! Nikajua akifika mtoni wanawake watamcheka mpaka wachoke, na mimi ndiye nitakayeishi na kicheko hicho. Nikamnyang'anya.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili sijawahi kumwambia mtu. Tulifikishwa kambini ndani ya lori, tumefunikwa turubai, na tangu hapo wasichana hatukuruhusiwa kwenda mbali na mahema. Nilikuwa nimeolewa katika nchi ambayo sijaiona. Nilitaka kuiona. Mama mkwe alikuwa amelala na homa, hakuwapo wa kunishikia kitenge, na hata angekuwapo ningemwambia ateremshe, ananizibia. Nilitembea polepole. Mto ulikuwa wa matope, mbaya kabisa, na mimi niliupenda. Niliteleza, debe likabiringika, wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akanivuta mkono, akasema, "Bibi harusi, umekuja kuoga au kuchota?" Huyo ni Béatha. Alikuwa rafiki yangu mpaka alipokufa, na ndiye mama wa ubatizo wa Jovia.

Kwa hiyo usimwandike tena bibi harusi aliyelazimishwa na shida. Shida ilikuwapo, lakini hapo nilikwenda mwenyewe.

(Mama, chapa ya pili nitarekebisha. Jovia.)

Urekebishe. Uweke na Béatha.

Kuhusu kunifunua: Shangazi, nina wajukuu watano na goti linalotabiri mvua. Mkija kunifunua mtakuta nini ambacho hakijaonekana? Lakini mje. Mje wote watatu, na vyungu vyenu, na hiyo nguo msiisahau, mimi hupenda rangi ya bluu. Hakuna atakayesimama mlangoni. Mtaingia, tutakula.

Na kwa ukurasa wako wa kioo, waambie wasichana wako hivi: kambini tulijipaka usoni yale mafuta ya kupikia ya msaada. Tuling'aa kama maandazi, na nzi walitupenda kuliko wachumba. Wasijaribu. Siagi ikikosekana, maji safi yanatosha.

Nafunga hapa, kwa sababu nimemwagiza Jovia ateremshe kitabu kutoka kabatini. Tulikiacha penye sura ya saba, mume ameshikwa na homa na bibi harusi ameuza kitambaa chake anunue dawa. Najua atapona, mimi ndiye niliyemwuguza. Ila Mugenzi wa kweli, baada ya siku zote zile nilizokaa naye, alipofumbua macho aliuliza tu kama kuna chumvi. Huyu wa kitabuni Jovia amempa maneno mazuri. Nataka kusikia ataniambia nini.

Kabagwira